Kabla ya Kupandisha Sanamu Kilimani

Kila unapofika mwezi wa Oktoba, rozari inapozunguka nyumba kwa nyumba, wazo moja hurudi katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Pongwe: na sisi tupandishe sanamu ya Mama Bikira Maria kilimani. Anayelitoa mara nyingi ni mmoja wa waliokwisha kwenda hija, Bagamoyo au Pugu, au hata Namugongo kule Uganda, akarudi na chupa ya maji ya baraka na picha nyingi kwenye simu. Mawe tunayo, tena mengi kuliko tunavyohitaji, maana ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, na vumbi lake jeupe ndilo linalotutambulisha tukishuka mjini Tanga. Mafundi tunao. Michango ikipangwa vizuri haitashindikana. Kisha mwingine huongeza kwamba sanamu ikisimama juu, kila apitaye barabara ya Muheza ataiona na kujua kuwa hapa pana Wakristo.

Ni hilo la mwisho lililotufanya tushike kalamu. Hatuandiki ili kulipinga wazo. Tunaandika kwa sababu tumeona kwamba kabla ya kuchanga saruji ni vizuri kuuliza historia: hao waliopandisha sanamu zao juu, au waliozijenga mahali ambapo leo watu huhiji, walikuwa nani, walijenga kwa fedha na kwa mikono ya nani, na walitaka nani aone.

Tuanze na neno lenyewe, maana majirani zetu wengi ni Waislamu na tunaishi nao vizuri. Neno sanamu tumelipata katika Kiarabu, na katika Kiarabu ni mungu wa kuchongwa, kitu cha kuabudiwa. Kiswahili kimelilainisha. Ile ya askari pale katikati ya Dar es Salaam ni sanamu, na ile iliyovalishwa gauni dukani ni sanamu pia. Lakini jirani aliyesoma madrasa anaposikia kwamba Wakristo wanapandisha sanamu kilimani, sikio lake husikia na ile maana ya kale. Si ubaya wake. Hata neno hija, ambalo sasa tunalitamka kanisani bila kufikiri, limetoka kwao.

Basi inafaa Mkristo wa pwani ajue jibu lake. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na kwamba heshima inayotolewa mbele ya picha au sanamu haiishii kwenye ubao au jiwe, humwendea yule anayewakilishwa. Na aliyeandika utetezi mkubwa wa picha takatifu kabla ya mtaguso huo alikuwa Yohane wa Damasko, mtu aliyeishi chini ya utawala wa Makhalifa, ambaye wazee wake walikuwa wamewatumikia katika mambo ya hazina. Aliyekuwa akiziondoa picha makanisani wakati huo alikuwa mfalme Mkristo wa Konstantinopoli, na Yohane aliweza kuandika kwa usalama kwa sababu mkono wa mfalme huyo haukufika Damasko. Tunapenda kulikumbuka jambo hilo mtu anapotuambia kwamba suala la sanamu ni ugomvi wetu na Waislamu. Ugomvi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Wakristo kwa Wakristo.

Sasa vilima. Katika mji wa Le Puy nchini Ufaransa kuna mwamba mrefu unaoutazama mji, na juu yake imesimama sanamu ya Bikira Maria na Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 1860. Ilisubuliwa kwa chuma cha mizinga 213 ambayo jeshi la Ufaransa liliiteka Sevastopol katika vita vya Crimea. Mtu anaweza kuihesabu kuwa habari njema, silaha za kuua zimegeuzwa kuwa Mama wa Amani. Anaweza pia kuona kwamba ni nyara za vita zilizopandishwa mahali pa kuonekana. Sisi tunaona vyote viwili vimo katika chuma kilekile. Ile ya Kristo Mkombozi kule Rio de Janeiro, ya mwaka 1931, yenye urefu wa meta 30 bila msingi wake, inajulikana hata kwa mtoto wa darasa la kwanza mwenye kutazama mpira, na wengi wanaopanda kwenda kuitazama hawaendi kusali. Hatuwalaumu. Alama kubwa ya mji huwa mali ya mji mzima.

Lakini ile sanamu ambayo sisi tunaijua zaidi, yenye vazi jeupe, mshipi wa buluu na mikono iliyokutanishwa, asili yake si kilimani. Ni pangoni. Mwaka 1858 Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14 wa familia maskini ya Lourdes, alitokewa na Bikira Maria kwenye mwamba wa Massabielle, mahali pa chini kando ya mto. Mwaka 1864 iliwekwa pale sanamu ya marumaru iliyochongwa na Fabisch kwa kufuata maelezo ya Bernadette. Bernadette alipoiona hakuridhika. Kwake haikufanana na aliyemwona. Hata hivyo ndiyo iliyonakiliwa dunia nzima, hadi kwenye magroto ya parokia zetu. Kwa hiyo kila tunapopiga magoti mbele ya groto, tunapiga magoti mbele ya nakala ya sanamu ambayo shahidi mwenyewe alisema haikumfikia Mama. Jambo hilo halitupunguzii sala. Linatuondolea tu wasiwasi wa wale wanaodai kwamba sanamu yetu lazima iagizwe nje ndipo iwe nzuri.

Kuna kilima kimoja kingine cha mbali ambacho kinatuhusu kwa karibu kuliko Rio. Ni kile cha Algiers, upande wa kaskazini wa Afrika, ambako kanisa la Mama Yetu wa Afrika limejengwa juu ya genge linalotazama bahari. Ndani yake imo sanamu ya shaba, nyeusi, na ukutani yapo maandishi ya Kifaransa yanayomwomba Mama atuombee sisi, na awaombee Waislamu. Wafaransa walikuwa wameitwaa nchi ile kwa nguvu tangu 1830, na kanisa lililosimama juu ya mji wa Waislamu lilikuwa pia tangazo la nani anatawala. Hilo haliwezi kufichwa. Hata hivyo maneno yale yamebaki ukutani hadi leo, wakati utawala ulioyaleta umeondoka, na wenyeji Waislamu wameendelea kuingia humo na kumwita yule Mama kwa heshima, kwa kuwa Maryam yumo pia katika Kurani yao. Kanisa hilo lilitabarukiwa mwaka 1872, na askofu mkuu wa mji alikuwa Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza kwenda maziwa makuu ulipita hapa pwani yetu na kuondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878.

Mwaka huohuo wa 1868, tarehe 4 Machi, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Bagamoyo. Hapo ndipo historia yetu inapoanzia hasa.

Walitoka Unguja. Misheni ya Unguja ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1860 na Padre Fava kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wachache na masista wa shirika la Mabinti wa Maria, na mwaka 1863 ikakabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner. Walikuja Bagamoyo kwa ruhusa ya Sultani Majid, mtawala Mwislamu. Karibu na ufuko umesimama msalaba wa kukumbusha kufika kwao. Si mrefu. Mahujaji wengine hupitiliza wakidhani wataona kitu kikubwa zaidi mbele.

Walichokuja kufanya kilikuwa kuwakomboa watumwa, na neno kukomboa hapa tulielewe jinsi lilivyokuwa: walinunua. Padre alikwenda sokoni Unguja na fedha zilizochangwa na Wakristo wa Ulaya, nyingi zikiwa senti za watoto, akalipa, akaondoka na mtoto. Wengine waliletwa baada ya majahazi ya watumwa kukamatwa na manowari za Waingereza baharini. Soko lenyewe lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na ndugu zetu Waanglikana wakajenga kanisa lao la Mkunazini mahali pale pale palipokuwa soko. Wao pia, hapo Magila karibu na Muheza, wanakiita kituo chao Msalabani. Pwani hii imejaa misalaba iliyosimikwa mahali pa maumivu.

Habari ya mmoja wa waliokombolewa Unguja inajulikana kwa sababu Padre Horner aliiandika. Aliitwa Suema, binti wa Kiyao. Aliona mama yake akiachwa njiani afe, kwa kuwa hakuweza tena kwenda na msafara. Suema mwenyewe alipofika Unguja alikuwa amedhoofika hata mwenye mali akaona hafai kuuzwa, akafungwa mkekani na kufukiwa katika shimo fupi kana kwamba amekwisha kufa. Kijana mmoja aliyetoka Réunion alisikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista. Baadaye, alipokuwa akisaidia kuwahudumia majeruhi, aliletwa mbele yake mtu ambaye alimtambua: ni mmoja wa wale waliokuwa na msafara ule. Alipambana na moyo wake, kisha akamhudumia. Wengi wetu tulisikia habari hii mara ya kwanza tukiwa tumeketi chini ya miembe ya Bagamoyo, na hapakuwa na aliyetoa simu mfukoni.

Hapo Bagamoyo kilijengwa kijiji cha waliokombolewa, wakapewa mashamba, shule na karakana. Walitoka kila pembe, wengine upande wa Ziwa Nyasa, wengine mbali zaidi ya hapo, na hawakuwa na lugha moja isipokuwa Kiswahili walichojifunza njiani na pwani. Kiswahili kikawa lugha ya sala zao. Padre Charles Sacleux, mmoja wa mapadre wa misheni hizo za pwani, ndiye baadaye aliyetoa kamusi kubwa za Kiswahili na Kifaransa ambazo wataalamu huzitumia hata sasa. Miembe ya njia kuu ilipandwa mwaka 1871. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kikaibomoa na misheni hii, wakaanza upya. Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao walifika hapo wakiwa wameubeba mwili wa Dk. Livingstone kutoka ndani kabisa ya bara, ukalala usiku mmoja kanisani kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara wa kanisa lile bado upo, na watalii wengi hufika kwa ajili yake tu.

Na mwaka 1876, miaka 18 tu baada ya Lourdes, hao waliokombolewa walijenga groto ya Mama Bikira Maria kwenye makaburi ya misheni.

Hapo tunaomba msomaji asimame kidogo. Hawakuijenga kilimani, wala Bagamoyo haina kilima cha kusema. Hawakuijenga kando ya barabara ya misafara, ambako kila siku wapagazi walipita na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Waliijenga katikati ya makaburi. Walikuwa wamewazika pale mapadre, mabruda na masista, wengi wao vijana waliouawa na homa kabla hawajamaliza kujifunza lugha. Waliojenga walikuwa watu ambao mama zao walibaki njiani bila kaburi, kama yule wa Suema. Mtu asiyejua mama yake alizikwa wapi, anapopewa mawe na kuambiwa ajenge mahali pa Mama, sisi hatuwezi kusema alikuwa akiwaza nini. Lakini tunajua alipoijenga.

Haifai pia kuisimulia misheni ile kana kwamba ilikuwa paradiso. Kengele iliamua kila kitu: kuamka, kusali, kulima, kula, kulala. Vijana walipokua walitazamiwa kuoana na wenzao wa misheni na kuhamia kijijini, na mashamba waliyolima yalikuwa ya misheni kabla hayajawa yao. Barua za wamisionari wenyewe zinataja waliotoroka. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru, kisha akaambiwa akae pale alipowekwa, alikuwa na haki ya kuuliza uhuru wake uko wapi. Baadhi walikwenda mbali wakiwa makatekista na mafundi, wakawa msingi wa misheni za bara kama Mhonda, iliyoanzishwa mwaka 1877, na Wakristo wa Morogoro hadi Kilimanjaro wana deni kwao. Wengine waliondoka usiku, nao pia walikuwa wa kwetu.

Jina la mji wenyewe hubishaniwa. Bwaga moyo: kuna wasemao ni mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo na kupumzisha moyo, na kuna wasemao ni mtumwa aliyeuacha moyo wake hapo kabla ya kupandishwa jahazi. Wataalamu wengi huelekea kwa mpagazi. Hujaji hahitaji kuchagua. Kwa kawaida amekuja na mzigo na moyo vyote pamoja.

Vita vya mwaka 1888 na 1889 vilionyesha kitu kingine. Abushiri bin Salim, mtu wa Pangani, hapa hapa kwetu, aliwaongoza watu wa pwani dhidi ya Kampuni ya Wajerumani iliyokuja kutawala. Bagamoyo ilishambuliwa na kuungua. Lakini maelfu ya watu walikimbilia kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, Waislamu kwa Wakristo, wakalala chini ya miembe ile, na misheni haikuguswa. Padre Étienne Baur aliyekuwa mkuu wake alizungumza na pande zote mbili. Watu walikuwa wameijua misheni ile kwa miaka 20.

Pugu haikuwa hivyo. Wabenediktini kutoka Ujerumani walikuwa wamefika mwaka 1888, wakapanda vilima vya Pugu nyuma ya Dar es Salaam na kuanza misheni yao. Walikuja wakati uleule Wajerumani wenzao wa Kampuni walipokuwa wakija na bendera, na machoni pa wenyeji nani angewatofautisha? Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilishambuliwa na kuchomwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Hawakuwa askari. Walikuwa na mwaka mmoja tu nchini, na hawakupata muda wa kufahamika. Abushiri mwenyewe alikamatwa mwishoni mwa mwaka huo na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na watu wa Pangani hawajamsahau.

Leo Pugu ni kituo cha hija, na waamini wa Dar es Salaam hupanda pale wakisali Njia ya Msalaba. Hapo pia ndipo ilipo shule ya Mtakatifu Fransisko ambako Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashike siasa, na hapo ndipo nchi nzima ilipolichukua jina la Mwalimu. Kilima kimoja kimebeba misheni iliyoonekana kuwa ya wageni wenye bendera, na shule ambayo mwalimu wake alikwenda kuishusha bendera hiyohiyo ya wakoloni waliofuata. Mtu akitaka kuona kwamba kilima hubadilika maana kulingana na wanaokipanda, apande Pugu.

Novemba 2018 Kanisa la Tanzania lilihitimisha Bagamoyo jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji wa bara, na mwaka 2025 Bagamoyo ikafanywa jimbo lenye askofu wake. Sisi wa Tanga tulikuwa na jimbo letu tangu 1958, mdogo ametangulia mzazi, kama tunavyotaniana.

Na Pongwe? Sisi tulifikaje hapa? Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na Pongwe ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa. Treni ilifika hapa 1894, Muheza 1896, na Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliingizwa nchini, na miche 62 iliyosalia hai baada ya safari ndefu ya meli ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyoujaza mkoa wetu. Mashamba yakataka watu. Watu wakaletwa kwa mikataba kutoka kusini, magharibi, hadi ng'ambo ya mipaka, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Wabondei na Wadigo, wenyeji wa hapa, waliwaona wakishuka kwenye mabehewa na mafurushi yao.

Tukihesabu majina ya ukoo katika daftari la jumuiya moja tu, tunayasikia makabila ambayo nyumbani kwao ni safari ya siku mbili kwa basi. Babu alikuja kwa mkataba wa miezi tisa au miaka miwili, akakaa, akaoa, akazikwa kambini. Imani ya wengi wetu ilisaliwa kwanza chini ya mti, katika mistari ya nyumba za kambi, na katekista ambaye naye mchana alikata mkonge. Hatukununuliwa sokoni, na si haki kufananisha mkataba na mnyororo. Lakini tunapofika Bagamoyo na kuona groto iliyojengwa na watu waliotolewa kwao, wakakutana na lugha moja na Mama mmoja katika nchi ya ugenini, wazee wetu huinamisha vichwa kwa namna ambayo hatuioni Pugu.

Kwa hiyo wazo la kilima linaporudi Oktoba, baadhi yetu tumeanza kuuliza kama mahali pake si kule kwenye makaburi ya zamani ya kambi, ambayo mengine yameliwa na vichaka na misalaba yake ya mbao imekwisha oza. Wenzetu hujibu kwamba huko hakuna atakayeiona kutoka barabarani. Ni kweli. Mzee mmoja alisema majirani Waislamu wamezikwa jirani na pale pale, maana manamba hawakuwa Wakristo wote, na kwamba tukisafisha makaburi yetu tusipite ya wenzetu kana kwamba hatuyaoni. Jambo hilo halijaamuliwa. Wapo wanaotaka kilima kwa moyo safi kabisa, wakikumbuka zile zaburi za waliokuwa wakipanda Yerusalemu, na hatuwezi kuwaambia wamekosea.

Tumalizie na safari yetu ya mwisho ya Bagamoyo. Tulipita Segera na Msata, tukafika na jua limekwisha kuwa kali. Pongwe panajulikana mbali kwa shule yake yenye watoto wasioona, na wengine wamekulia katika parokia hizi za kwetu. Safari ile tulikuwa na vijana wawili wasioona. Wakati wa rozari mbele ya groto, mmoja wao aliuliza kwa sauti ya chini sanamu iko wapi. Akaambiwa iko juu, mbele yake, hawezi kuifikia kwa mkono. Akauliza ni kubwa kiasi gani. Mama mmoja wa WAWATA akamwonyesha kwa kumshika mabega na kumpandisha mkono wake hewani, hapa magoti, hapa mikono, hapa kichwa. Kijana akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akainama, akapapasa mpaka akayafikia mawe ya chini, akayashika moja baada ya jingine, taratibu, akiuliza hili nalo ni la zamani? Akajibiwa ni la zamani. Na hili? Tulikuwa tumefika fumbo la nne, tukasubiri amalize.